George Arliss: Mzee wa Jukwaani Aliyeifunza Sinema Kusema

Kuna hukumu moja iliyorudiwa mno katika vitabu vya historia ya sinema: kwamba "Disraeli", filamu ya Warner Bros. ya mwaka 1929, ni tamthilia iliyopigwa picha tu. Wengi huipokea bila kuitazama filamu yenyewe. Mimi nimeitazama upya, na kando yangu nimeweka kumbukumbu ambazo mwigizaji wake mkuu, George Arliss, alizichapisha mwaka 1940, kitabu ambacho wakosoaji wake hawakigusi. Mzee yule hakutendewa haki.

Arliss alizaliwa London mwaka 1868. Mwaka 1911 alianza kumwigiza Waziri Mkuu wa Uingereza, Benjamin Disraeli, katika tamthilia ya Louis N. Parker, na mwaka 1921 akamwigiza tena kwenye filamu bubu. Basi aliposimama mbele ya maikrofoni, akiwa na miaka 61, mhusika yule alikwisha kumwingia damuni.

Na ile maikrofoni haikuwa kitu cha mchezo. Katika Vitaphone, mfumo wa sauti uliotumika, sauti zilinaswa kwenye santuri, si kwenye mkanda wa picha. Kamera zilifungiwa vibandani ili mngurumo wake usisikike, na mwigizaji aliyesogea mbali kidogo alipotea sauti. Ukikosea neno, hakuna kukata na kuunga. Ni kuanza upya na santuri nyingine. Kazi hiyo ilimhitaji mtu aliyezoea kubeba onyesho zima kifuani, usiku hadi usiku. Arliss alidai waigizaji wakae kwanza wafanye mazoezi kama wa jukwaani, ndipo kamera ziwashwe. Mkewe wa ndoa, Florence, ndiye aliyeigiza mke wa Disraeli, na upole uliopo kati yao hauwezi kufundishwa na mwongozaji yeyote.

Tazama kisa cha gavana wa Benki ya Uingereza. Disraeli amekwisha kuinunulia Uingereza hisa za Mfereji wa Suez, lakini tajiri aliyeahidi fedha amefilisika. Gavana anakataa kuweka dhamana. Disraeli anamtishia: asipotia saini, benki yake itavunjwa. Gavana anasaini kwa hasira na kuondoka. Binti Clarissa, aliyeigizwa na Joan Bennett, anashukuru kwamba Waziri Mkuu ana uwezo mkubwa namna ile. Mzee anamjibu kuwa hana. Ila gavana hajui. Hapo ndipo unapomwona Disraeli aliyekuwa akiigiza ndani ya maigizo, na ni mwigizaji mkongwe tu awezaye kuzibeba sura zote mbili bila kuichafua hata moja.

Wanahistoria wanalalamika, na takwimu wanazo. Mwaka 1875 Uingereza ilinunua hisa 176,602 kwa takriban pauni milioni 4, zilizokopwa kwa benki ya Rothschild. Benki ya Uingereza haikuhusika. Mke wa Disraeli naye alikuwa amefariki tangu 1872. Hayo nayasamehe, kwani tamthilia si daftari la hazina.

Nisichosamehe ni kutokuwapo kwa Misri. Khedive Ismail, mtawala wa Misri na mwenye hisa hizo, haonekani. Wamisri waliochimba mfereji kwa kulazimishwa hawatajwi. Mwaka huohuo wa 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa mgeni jijini London, na njia ya Suez ilikuwa imekwisha kuusogeza mwambao wetu karibu na Ulaya. Filamu inauona mfereji huo kama njia ya kwenda India tu. Lawama hiyo ni ya Parker na ya dola aliyoitukuza, si ya Arliss.

Novemba 1930 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora, Mwingereza wa kwanza kuipata. Tangu Januari 1, 2025, hakimiliki ya filamu hii imekwisha nchini Marekani. Walimu wa sanaa za maonyesho, waonyesheni wanafunzi wenu kisa cha gavana, kisha waacheni waihukumu filamu wenyewe.