Aliyekombolewa Hamfungi Ndugu Yake

Jumapili ya 23 ya Mwaka C
Masomo: Hek 9:13-18, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33



Somo la pili la leo limetoka katika waraka mfupi kuliko nyaraka zote za Mtume Paulo. Paulo yumo kifungoni. Anamwandikia Filemoni, Mkristo mwenye mali, ambaye waamini hukusanyika nyumbani mwake. Sababu ya kuandika ni Onesimo, mtumwa wa Filemoni, aliyetengana na bwana wake, akafika kwa Paulo na kuipokea imani. Paulo anamrudisha, lakini anamrudisha pamoja na ombi zito: apokewe, si tena kama mtumwa, bali kama ndugu mpendwa. Na katika aya zinazofuata Paulo anaongeza kwamba, ikiwa Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo.

Wako Wakristo wanaoweza kuusoma waraka huu kama habari za nchi za mbali na za zamani sana. Sisi tunaoishi Masasi na Newala hatuwezi. Katika nchi yetu maneno ukombozi, fidia, mtumwa na mwungwana hayakuanzia katika vitabu vya katekisimu. Yalikuwa maneno ya njiani na ya sokoni. Wazee wetu walijua bei ya mtu kabla hawajasikia kwamba Mwana wa Mungu alijitoa kuwa fidia ya watu wote.

Karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka pande za Ziwa Nyasa na ng'ambo ya mto Ruvuma, ikashuka hadi Lindi, Mikindani na Kilwa, na kutoka huko majahazi yakawapeleka watu Zanzibar na mbali zaidi. Uwanda wetu wa Makonde hauna mito wala chemchemi juu yake. Kwa miaka mingi akina mama waliteremka makorongo marefu kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Kwa nini basi watu walikaa huko juu? Kwa sababu vichaka vyake vilikuwa vizito, na mtekaji wa watu hakuvipenya kwa urahisi. Wengi walichagua kiu kuliko mnyororo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa mjini likafungwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misioni ya ndugu zetu Waanglikana aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, zaidi ya hamsini. Walishuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na makwao, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika penye majabali ya Masasi waliiona nchi kuwa njema, wakaomba wakae hapo. Ndivyo ulivyoanza mji wa Kikristo wa Masasi: ulianzishwa na watu waliokuwa wamepigiwa bei.

Tusidhani kwamba tangu siku ile walistarehe. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi. Baadhi ya Wakristo waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Waliokwisha kukombolewa mara moja walitiwa kamba mara ya pili, na misioni ikalazimika kutafuta njia ya kuwakomboa tena. Wengi wa walionusurika walihamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa amewakaribisha wamisionari kwake. Hivyo Newala iliwapokea wakimbizi wa Masasi, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila Wakristo wa wilaya hizi mbili wanapokutana.

Historia ya Kanisa Katoliki katika nchi hii ina mwanzo wa namna hiyo hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Huku kwetu Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895. Basi Mkristo wa Tanzania, awe Mkatoliki au Mwanglikana, akiifuata imani yake hadi chimbuko lake katika nchi hii, atawakuta hapo watu waliowahi kufungwa na kisha kufunguliwa.

Ndugu wapendwa, historia hii inatufundisha nini juu ya dhambi, juu ya wokovu, na juu ya maisha mapya?

Kwanza, juu ya dhambi. Tumezoea kusema kwamba utumwa uliletwa na wageni. Ni kweli kwamba wageni walinunua. Lakini hakuna anayenunua pasipo muuzaji. Miaka ya 1860 masista Wakatoliki wa Zanzibar walimpokea binti wa Kiyao aitwaye Swema, na habari zake zilichapishwa Ufaransa mwaka 1870. Baba yake alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Mama mjane alikopa nafaka kwa jirani. Mavuno hayakupatikana, na deni likabaki. Msafara wa wafanyabiashara ulipopita, mdai alimtoa mtoto awe malipo ya deni. Mama hakukubali kutengana na mwanawe, akaufuata msafara huku akibeba mzigo, hata nguvu zikamwishia akaachwa njiani. Tazameni vizuri: kabla ya mnyororo kulikuwa na deni, na kabla ya mfanyabiashara mgeni kulikuwa na jirani mwenye ghala.

Tunamheshimu pia Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa katika Uwanda wa Makonde, kwa sababu mwaka 1890 alikataa kumnyenyekea mtawala Mjerumani, na hakushindwa hadi mwaka 1899 alipovuka kwenda Msumbiji. Kukataa kwake kulikuwa kwa kishujaa. Hata hivyo mali yake ilitokana na biashara ya meno ya tembo, mpira na watumwa. Mtu aweza kukataa kabisa kufungwa, na wakati huo huo akawafunga wengine. Hiyo ndiyo sura ya dhambi: mimi nataka uhuru wangu, na uhuru wa mwenzangu nauwekea bei.

Kanisa nalo halijitoi katika hukumu hiyo. Wakristo wa Ulaya na Amerika walimiliki watumwa kwa karne nyingi. Papa Yohane Paulo II alipofika kisiwa cha Gorée nchini Senegal, Februari 1992, aliomba msamaha mbele ya Mungu kwa ajili ya dhambi hiyo.

Pili, juu ya wokovu. Mtumwa hakuweza kujinunua kwa urahisi, maana yeye mwenyewe na jasho lake vilihesabiwa kuwa mali ya bwana wake. Ilibidi aje mtu mwingine kutoka nje, mwenye uwezo, alipe. Wazee wetu walielewa neno hili upesi kuliko tunavyolielewa sisi. Paulo anawakumbusha Wakorinto kwamba wao si mali yao wenyewe, kwa kuwa walinunuliwa kwa bei. Kristo hakulipa kwa vitambaa wala kwa fedha; alilipa kwa damu yake. Naye hakutununua ili atuweke katika utumwa mwingine. Alitununua ili tuwe wana katika nyumba ya Baba. Paulo alipojitwika deni la Onesimo alikuwa akifuata mfano wa Bwana wake.

Tatu, juu ya maisha mapya, na hapa ndipo penye uzito. Hebu turudi kwa Swema. Huko Zanzibar alidhaniwa amekwisha kufa, akazikwa kaburi la juu juu angali hai. Kijana mmoja alisikia sauti yake ikiugua, akamtoa na kumpeleka kwa masista. Baadaye, kadiri ya simulizi yake, aliwekwa kuhudumia wagonjwa, na siku moja akaletwa majeruhi. Swema alimtambua: ndiye aliyekuwa na msafara ule, ambaye kwake mama yake aliachwa afe. Moyo wake ulikataa. Alisali, akashindana na nafsi yake, na mwishoe akaviosha vidonda vya mtu yule na kumsamehe. Ndipo akabatizwa. Siku aliyotolewa kaburini alikombolewa mwili. Siku aliyomsamehe mtesi wake, ilionekana kwamba hata moyo wake umetoka kifungoni.

Sheria ya nchi ilichelewa. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Lakini sheria yaweza kukata mnyororo wa mguuni, isiweze kuondoa tamaa iliyoutengeneza mnyororo huo. Kazi hiyo ni ya neema, na neema hutaka ushirikiano wetu.

Wapendwa, niseme wazi jambo ambalo kila msikilizaji wa Newala, Tandahimba na Masasi analijua. Miezi ya masika, chakula kikiwa kimekwisha ghalani, mama mjane hubanwa. Mtoto anaumwa, au anatakiwa sare ya shule. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi, naye ananunua korosho ambazo mikorosho bado haijachanua, kwa bei ya kutupa. Tunaiita kangomba. Serikali imeipiga marufuku, na tangu mwaka 2007 umekuwapo mfumo wa stakabadhi ghalani, lakini mchana hukatazwa na usiku hufanyika. Msimu ukifika, mjane anavuna mali ya mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe, na mwakani anakopa tena. Mnunuzi huyo si lazima awe mgeni. Mara nyingi ni jirani. Pengine anaimba kwaya. Pengine Jumapili hii amekomunika.

Sisemi kwamba kangomba na msafara wa Kilwa ni jambo moja. Nasema kwamba mlango wa kuingilia ni ule ule: njaa ya mjane, deni, na jirani mwenye ghala. Na aliyekombolewa kwa damu ya Kristo hawezi kusimama penye mlango huo akihesabu faida.

Makatekista hufundisha kwamba ungamo jema halitoshi kwa kutaja dhambi tu. Pana kuitafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuiacha, kuungama, na kutimiza malipizi. Aliyechukua kilicho cha mwenzake hana budi kukirudisha kadiri awezavyo. Zakayo alisimama mbele ya watu akataja kiasi atakachorudisha. Filemoni naye hakuandikiwa kwamba ahurumie tu moyoni. Alitakiwa kufungua mlango na kumketisha mezani mtu aliyekuwa akimhesabu katika mali zake. Ndiyo maana Injili ya leo inatuagiza tuketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga. Kumfuata Kristo kuna gharama, na kwa baadhi yetu gharama hiyo imeandikwa katika daftari la madeni lililofichwa chini ya kitanda.

Nawasihi, basi, mambo mawili. Mwenye daftari hilo alifungue wiki hii mbele ya Mungu, na jina la mjane alitendee haki. Na katika vijiji vyetu tuache kabisa kumwita mtu mzao wa watumwa. Mbele ya msalaba sote ni wazao wa watumwa, na sote tumefanywa waungwana kwa bei ile ile.

Bwana Yesu, uliyelipa deni letu, uifungue mikono yetu iliyowashika ndugu zetu. Amina.