Kutoka Kidinga Pepo hadi Altrasaundi: Historia ya Ushahidi wa Maradhi ya Viungo Kusini mwa Tanzania, kwa Kurejelea Songea

1. Utangulizi

Neno altrasaundi linapotajwa katika hospitali za Tanzania, wengi humfikiria mama mjamzito. Ni wachache wanaomfikiria mkulima ambaye vidole vyake vimevimba na kukakamaa asubuhi. Insha hii inachunguza kihistoria namna hali hiyo ilivyojengeka. Swali lake kuu ni hili: katika nyakati mbalimbali, ni ushahidi upi uliokubaliwa kuwa unatosha kuthibitisha kwamba kiungo cha mtu kina ugonjwa, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuutoa?

Eneo linalorejelewa ni Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Wakati wa utawala wa Waingereza Songea ilikuwa wilaya katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, pamoja na Newala, Masasi, Tunduru, Lindi na nyinginezo. Kwa sababu hiyo, baadhi ya matukio yanayojadiliwa hapa yalitokea Newala, mamia ya kilomita mashariki ya Songea, lakini ndani ya jimbo lilelile na chini ya mfumo uleule wa tiba.

Hoja ya insha ni kwamba uvimbe wa viungo ulitambuliwa na kupewa majina na wagonjwa wenyewe mapema. Kwamba eksirei ilihamisha uzito wa ushahidi kutoka kwenye uvimbe kwenda kwenye mfupa. Na kwamba altrasaundi imeurudisha ushahidi huo kwenye sehemu laini za kiungo. Hata hivyo, kifaa hicho kilifika katika hospitali zetu kupitia huduma za uzazi, na njia hiyo ndiyo iliyoamua kingeona nini na kisingeona nini.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mkoa wa Ruvuma hutegemea kilimo cha mahindi na, huko Mbinga, kahawa pamoja na mashimo ya ngoro ya Wamatengo. Kazi hiyo hutegemea jembe, na jembe hutegemea kiganja. Mchochota wa viungo, yaani uvimbe unaoambatana na joto na maumivu kutokana na kinga ya mwili au maambukizi, hutibika vizuri zaidi ukigunduliwa katika miezi ya mwanzo. Ukichelewa, gegedu na mfupa huliwa, na kilichokwisha kuliwa hakirudi.

2. Majina kama ushahidi wa kwanza

Kiswahili kina jina la kale la maradhi ya viungo: baridi yabisi. Neno yabisi lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kavu. Jina hilo limetokana na elimu ya tiba iliyoenea katika pwani ya Bahari ya Hindi, ambayo iliyapanga maradhi kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Kwa mtazamo huo, kiungo kilichokakamaa kilikuwa kimeingiwa na baridi na kukaukiwa. Mjini Songea, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na wenye kipupwe kikali mwezi Juni na Julai, maelezo hayo huonekana kuthibitishwa na hali ya hewa yenyewe.

Jina la pili ni kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alieleza mlipuko wa homa uliodumu kuanzia Julai 1870 hadi Januari 1871, ambao wenyeji waliuita kwa jina hilo. Wazee wa Zanzibar walikumbuka mlipuko kama huo wa takriban mwaka 1823. Kwa muda mrefu mlipuko wa 1870 ulihesabiwa kuwa dengi. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alihoji uainishaji huo, akaonyesha kwamba maumivu makali ya viungo yaliyoelezwa na Christie yanalingana zaidi na chikungunya. Kwa maneno mengine, karne moja baadaye, maelezo ya wagonjwa kuhusu viungo vyao ndiyo yaliyotumika kusahihisha uamuzi wa wataalamu.

Jina la tatu lilizaliwa katika Jimbo la Kusini lenyewe. Mwaka 1952 na 1953 homa isiyofahamika iliwakumba watu wa Uwanda wa Makonde. Marion Robinson alichapisha maelezo ya dalili zake mwaka 1955, na W. H. R. Lumsden akaandika kuhusu kuenea kwake. Kirusi chenyewe kilitengwa na R. W. Ross wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe, Uganda, ambaye taarifa yake ya mwaka 1956 iliuita mlipuko huo kwa jina la Newala. Maji yalikuwa adimu katika uwanda huo, na watu waliyahifadhi nyumbani. Mbu aina ya Aedes aegypti huzaliana katika vyombo vya namna hiyo.

Jina chikungunya ni la Kimakonde, ingawa maandishi mengi ya kigeni yamelihesabu kimakosa kuwa la Kiswahili. Hufafanuliwa kuwa linamaanisha kile kinachopinda au kukunja mwili. Ikumbukwe kwamba homa, upele na maumivu ya kichwa vilikuwapo pia. Wenyeji hawakuchagua hata kimoja kati ya hivyo. Walichagua kiungo kilichopinda, na dalili hiyo ndiyo inayoutofautisha ugonjwa huu na homa nyingine hadi leo. Jina hilo, kwa hiyo, lilikuwa uchunguzi wa kitabibu uliofanywa bila kifaa.

3. Eksirei na ushindi wa mfupa

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuuona mfupa wa mtu aliye hai bila kumpasua. Katika maradhi ya viungo, hata hivyo, eksirei ina upungufu mkubwa: huonyesha mfupa vizuri, lakini haionyeshi waziwazi utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani na kutoa ute. Mchochota huanzia katika utando huo. Mmomonyoko wa mfupa unapoonekana kwenye eksirei, ugonjwa huwa umekwisha kufanya sehemu ya uharibifu wake.

Pamoja na upungufu huo, eksirei ilipata nafasi rasmi katika utambuzi. Vigezo vya mwaka 1987 vya chama cha Marekani cha madaktari wa maradhi ya viungo viliorodhesha mambo saba ya kutambua baridi yabisi ya kingamwili, na mgonjwa alitakiwa kutimiza manne. Moja lilikuwa mabadiliko ya mifupa ya mikono kwenye eksirei. Jingine lilikuwa kipimo cha damu cha kingamwili iitwayo rumatoidi fakta. Kipimo hicho cha damu kina tatizo katika maeneo yenye malaria na maambukizi mengine ya muda mrefu, kwa kuwa watu wasio na ugonjwa wa viungo wanaweza pia kukutwa nayo. Hivyo mgonjwa wa Songea alikabiliwa na vipimo viwili, kimoja kikichelewa kuona na kingine kikiwa hakiaminiki vya kutosha. Kilichobaki ni maelezo yake mwenyewe na mkono wa tabibu.

4. Altrasaundi na kurudi kwenye sehemu laini

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu. Mawimbi hupenya mwilini, hugonga tishu, kisha hurudi kama mwangwi na kuunda picha. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Scotland, walichapisha matokeo ya kuchunguza uvimbe wa tumbo kwa njia hiyo. Mwaka huohuo Karl Dussik na wenzake walichapisha vipimo vya namna tishu za viungo zinavyopitisha mawimbi hayo. Njia hizo mbili zilianza pamoja, lakini hazikukua sawa. Ya tumbo na uzazi ilienea duniani kote. Ya viungo ilikwenda polepole.

Mwaka 1972 altrasaundi ilitumika kutofautisha uvimbe wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda kwenye mshipa. Mwaka 1978 ilitumika kupima mchochota wa goti. Katika miaka ya 1990 mbinu ya Doppler iliongezwa, ambayo huonyesha mtiririko wa damu ndani ya utando uliovimba. Mwaka 2000 Richard Wakefield na wenzake walilinganisha altrasaundi na eksirei kwa wagonjwa 100. Altrasaundi ilibaini mimomonyoko 127 kwa wagonjwa 56. Eksirei ilibaini 32 kwa wagonjwa 17. Vigezo vipya vya kimataifa vya mwaka 2010 havikuiweka tena eksirei miongoni mwa vipengele vya kuhesabia alama, na viliruhusu altrasaundi kuthibitisha viungo vilivyoathirika.

Chikungunya nayo ilirudi. Mwaka 2004 ililipuka Lamu, Kenya, mwaka 2005 ikafika Komoro, kisha ikaenea kisiwani Réunion, ambako takriban theluthi moja ya wakazi waliugua. Wagonjwa kadhaa wa Réunion walibaki na mchochota uliotimiza sifa za baridi yabisi ya kingamwili. Baada ya ugonjwa kuingia Amerika, watafiti wa Brazil waliichunguza mikono ya wagonjwa kwa altrasaundi. Kile ambacho wenyeji wa Uwanda wa Makonde walikitaja kwa neno moja sasa kilionekana kwenye kioo: utando uliovimba na kano zilizojaa maji.

5. Mlango wa uzazi na matokeo yake

Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti kuhusu matumizi ya teknolojia mpya za picha katika nchi zinazoendelea, na altrasaundi ilipewa nafasi ya pekee. Mahitaji ya kina mama yalikuwa makubwa, na uamuzi wa kuanzia hapo ulikuwa wa haki. Lakini ulikuwa na matokeo ya kiufundi ambayo hayajadiliwi sana.

Kichwa cha mashine kinachotumika kumchunguza mjamzito hutoa mawimbi ya masafa ya chini, kwa kawaida megahezi 2 hadi 5, ili yafike ndani ya tumbo. Viungo vya vidole viko milimita chache chini ya ngozi. Huhitaji kichwa bapa cha masafa ya megahezi 10 au zaidi, ambacho hakifiki mbali lakini huonyesha mambo madogo. Kwa hiyo hospitali inaweza kuwa na mashine nzima na inayofanya kazi, na bado isiweze kukiona kidole. Swali la utafiti kwa mikoa kama Ruvuma, iwe katika hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Songea au katika hospitali ya misheni ya Peramiho, halipaswi kuishia kwenye idadi ya mashine. Linapaswa kuuliza mashine hizo zina vichwa gani, na waliofunzwa kuzitumia walifunzwa kutazama nini.

6. Mipaka ya kifaa

Historia hii isisomwe kama safari ya kuelekea kwenye mashine. Tafiti mbili zinatoa tahadhari. Utafiti wa Scotland uitwao TaSER na ule wa Norway uitwao ARCTIC, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 200, ziliuliza kama kuongoza matibabu kwa altrasaundi kila mara huleta nafuu kubwa kuliko uchunguzi makini wa mkono na macho. Katika ARCTIC tofauti ya maana haikupatikana, ila waliopimwa kwa altrasaundi walipewa dawa nyingi zaidi.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee mahali ambapo dawa ni ghali na mabingwa wa maradhi ya viungo ni wachache. Altrasaundi ina manufaa pale mkono unapositasita: uvimbe usioeleweka, maji ya kuvutwa kwa sindano, au maumivu yasiyo na uvimbe wa kuonekana. Haichukui nafasi ya kumwuliza mgonjwa kama ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya saa moja, wala ya kubonyeza vifundo vyake kimoja kimoja.

7. Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba ushahidi wa maradhi ya viungo kusini mwa Tanzania umepita hatua tatu: jina, mfupa na mwangwi. Hatua ya tatu iko karibu zaidi na ya kwanza kuliko na ya pili, kwa kuwa zote mbili hushughulikia uvimbe kabla ya uharibifu. Pengo lililopo halielezwi na ukosefu wa teknolojia pekee. Linaelezwa pia na historia ya vipaumbele, ambayo iliipa altrasaundi kazi moja na kuisahaulisha nyingine. Watafiti wa baadaye wanaweza kuanzia kwenye madaftari ya wagonjwa wa nje, kuona ni maumivu mangapi ya viungo yaliyoandikwa kuwa ya uchovu wa kazi au ya uzee, na ni mangapi kati ya hayo yalikuwa ya watu ambao bado walikuwa na umri wa kushika jembe.