Ahadi ya Televisheni ya Ukutani

Mnamo mwezi wa Mei 1968, kampuni ya RCA ya Marekani iliwaita waandishi wa habari mjini New York ikawaonyesha kioo chembamba kilichotoa maandishi kwa nguvu ndogo ya umeme. Ikaahidi kwamba siku zaja ambapo televisheni itatundikwa ukutani kama picha. Zama hizo televisheni ilikuwa sanduku zito lenye mrija mkubwa wa kioo, na wanunuzi waliifurahia ahadi hiyo. Waliingoja miaka ishirini.

Kioo hicho kilitumia fuwele za majimaji, yaani kemikali inayotiririka kama mafuta, lakini chembe zake hujipanga kama askari gwarideni. Zikipewa amri ya umeme hugeuka, na mwanga ukapita au ukazuiwa. Ajabu hiyo iligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria. Tatizo lilikuwa moja: kemikali za mwanzo zilifanya kazi zikipashwa moto tu, na nyingi zilizofuata ziliharibiwa na unyevu. Chombo cha namna hiyo hakifai dukani, wala hakifai kambini.

Ufumbuzi ulitokana na fedha za ulinzi. Mwaka 1970 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ambayo maabara yake ya rada ilikuwa Malvern, ilifanya mkataba na Chuo Kikuu cha Hull. Hapo alikuwapo George Gray, mwanakemia aliyekwisha kuzichunguza fuwele hizo kwa miaka ishirini bila sifa kubwa. Yeye na wenzake wakaunda kemikali imara, wakazitangaza mwaka 1973. Kisha Peter Raynes wa Malvern akapata mchanganyiko uliostahimili kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri hadi karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Saa za mkononi na mashine ndogo za hesabu zikaenea duniani.

Hata hivyo, viwanda vikubwa vya vioo havikujengwa Uingereza wala Marekani. Japani ndiyo iliyojifunga kibwebwe, na mwaka 1988 kampuni ya Sharp ikaonyesha televisheni nyembamba ya rangi ya inchi 14. RCA yenyewe ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni nyingine mwaka 1986. Gray naye alitunukiwa Tuzo ya Kyoto, huko huko Japani, mwaka 1995.

Ahadi ni deni, lakini hapa aliyeahidi siye aliyelipa. Deni lililipwa na mtafiti mvumilivu, na wizara iliyomwamini, na mafundi wa kiwandani. Leo wananchi wanaahidiwa vioo vinavyokunjwa kama karatasi. Inafaa waulize maswali yale yale ya Malvern: Je, vitastahimili joto, unyevu na vumbi? Na taifa linaloahidiwa, je, litabaki mnunuzi tu, au litawaandaa vijana wake wawe miongoni mwa watengenezaji?