Miastenia gravisi

Miastenia gravisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kujigeukia, ambao huifanya misuli ichoke upesi mno inapotumika na kupata nguvu tena ikipumzishwa. Neva za mgonjwa ni nzima na misuli yake pia. Panapoharibika ni pale viwili hivyo vinapokutana.

Ili msuli ujikunje, neva humwaga kemikali ya asetilikolini katika mwanya mwembamba, na vipokezi vilivyo upande wa msuli huidaka. Kwa wagonjwa wengi, kingamwili huviziba vipokezi hivyo na kuvimaliza. Sasa, hata kwa mtu mwenye afya, msuli ukitumika mfululizo asetilikolini inayomwagwa hupungua kidogo kidogo. Yeye hahisi kitu kwa sababu vipokezi vyake ni vingi kuliko mahitaji. Mgonjwa hana akiba hiyo. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, mara nyingi huhusika, na mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi huwa na uvimbe ndani yake.

Dalili huanzia machoni kwa wengi: kope moja inalegea, kitu kimoja kinaonekana viwili. Wengine huanza chakula vizuri, kisha taya hugoma nyama ikiwa bado mdomoni, au sauti hupotelea puani kadiri wanavyozungumza. Asubuhi hali huwa afadhali kuliko jioni, na hapo ndipo wengi hukosewa: mgonjwa akifika kliniki mapema, amelala vya kutosha, huonekana hana tatizo na huishia kuitwa mvivu. Daktari makini humwambia atazame dari bila kushusha macho kwa dakika moja au mbili, na kope huanza kushuka yenyewe. Akiiwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika mbili, mara nyingi hupanda tena. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kingestahili kujulikana hadi zahanati.

Mwingereza Thomas Willis alieleza dalili zinazofanana na hizi mwaka 1672, lakini tiba ilichelewa hadi 1934. Mwaka huo Mary Walker, daktari katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, alitambua kwamba wagonjwa hawa wanafanana na watu waliodhuriwa na kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini. Kurare ilikuwa na kiuasumu chake, fisostigmini, basi akamdunga mgonjwa, na kope iliyolegea ikainuka. Dawa hiyo hutoka katika maharagwe ya Calabar, yaliyokuwa yakinyweshwa washukiwa wa uchawi katika viapo kusini-mashariki mwa Nigeria. Ushahidi kwamba ni kinga inayojishambulia ulipatikana Marekani mwaka 1973, pale Jim Patrick na Jon Lindstrom walipowachanja sungura vipokezi vilivyotolewa kwa mkunga wa umeme. Sungura wakalegea viungo.

Siku hizi mgonjwa huanzishiwa piridostigmini, ambayo huichelewesha asetilikolini kuvunjwa, kisha prednisoloni au azathiopirini za kuituliza kinga. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kuondoa thaimasi. Misuli ya kupumua ikizidiwa, hiyo ni dharura ya chumba cha wagonjwa mahututi.

Hatari nyingine imo katika dawa za kawaida kabisa. Kwinini, iliyotibu malaria kali Afrika Mashariki kwa miaka mingi, inaweza kumzidishia mgonjwa udhaifu. Vivyo hivyo jentamaisini, siprofloksasini, na sindano ya magnesi anayochomwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Kwa hiyo mjamzito mwenye miastenia huitaja mapema kliniki, tena kwa sababu ya pili: kingamwili zake hupita kondo la nyuma, na baadhi ya watoto huzaliwa wakinyonya kwa shida kwa wiki kadhaa, hadi kingamwili hizo ziishe mwilini mwao.