Treni za Mjini Dar es Salaam

Ujenzi wa reli ya kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za utawala wa Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kazi yake ilikuwa kuunganisha bandari na bara. Reli ya pili, TAZARA, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia. Hakuna hata moja iliyokusudiwa kumpeleka mkazi wa Dar es Salaam kazini.

Wakati huo mji ulikuwa ukitanuka. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi takriban 273,000. Ya 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Makazi yalisogea Ukonga, Gongo la Mboto, Tabata na Mbagala, ilhali ofisi nyingi, masoko makubwa na bandari vilibaki katikati. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la mji, yalielemewa, na mwaka 1983 daladala za watu binafsi ziliruhusiwa. Hatimaye barabara nazo zikajaa foleni.

Ndipo reli kongwe zilipogeukiwa. Oktoba 2012 treni za abiria wa mjini zilianza kwenye njia mbili. Ile ya TRL, kampuni iliyoendesha reli ya kati, ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kupitia Buguruni na Tabata. Ile ya TAZARA ilikwenda Mwakanga. Wananchi waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Mwaka 2016 ikaongezwa safari ya Pugu.

Huduma iliwezekana upesi kwa sababu haikuhitaji kutwaa ardhi wala kutandika njia mpya. Lakini ilirithi pia mipaka ya reli hizo. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA 1,067, hivyo treni ya upande mmoja haiwezi kuingia upande wa pili. Kila reli ina njia moja tu, nayo hutumiwa pia na treni za mizigo na za mikoani. Kwa hiyo safari za mjini ziliwekwa asubuhi na jioni. Kimara, Mbezi na Kigamboni zilibaki nje kabisa, kwa kuwa reli haikupita huko.

Juni 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, juu ya reli yenye upana wa milimita 1,435. Ina stesheni Pugu, lakini ni ya safari za mikoani. Mji sasa una reli za vipimo vitatu, na bado hauna hata moja iliyopangwa kwa kufuata makazi ya watu wake. Njia ya kwanza ya namna hiyo itahitaji ardhi, na ardhi hiyo yapaswa kutengwa kabla haijajengwa nyumba.