Vita vya mtandaoni: sheria ya kimataifa yasemaje?

Kibuli, jijini Kampala, hufahamika kwa msikiti wake wa kilimani na kwa makao makuu ya upelelezi wa jinai wa Polisi ya Uganda. Mtu akidukua akaunti ya simu ya mwenzake na kumwibia fedha, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na wapelelezi ndio wenye kazi ya kumsaka. Lakini itakuwaje ikiwa anayezima kompyuta za hospitali ni dola nyingine? Hapo suala huingia katika sheria ya kimataifa.

Sheria zilizopo

Hakuna mkataba maalumu wa vita vya mtandaoni. Hata hivyo, mwaka 2013 kundi la wataalamu wa serikali chini ya Umoja wa Mataifa lilikubaliana kuwa sheria ya kimataifa inatumika pia mtandaoni. Umoja wa Afrika ulitoa msimamo kama huo mwaka 2024.

Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza dola kutumia nguvu dhidi ya dola nyingine. Vita vikishaanza, Mikataba ya Geneva ya 1949 na itifaki zake za 1977 hulinda wasiopigana. Hospitali haishambuliwi, iwe kwa bomu au kwa virusi vya kompyuta. Mataifa bado yanabishana iwapo kufuta data za raia pekee ni shambulio.

Nani atawajibika?

Swali gumu zaidi ni la mhusika, na Uganda inalijua. Mwaka 1999 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 ilisema vitendo vya wanajeshi wa Uganda huko Congo ni vya dola ya Uganda, hata pale walipovuka amri walizopewa.

Vitendo vya waasi wa MLC wa Jean-Pierre Bemba havikuhesabiwa hivyo, kwani haikuthibitika kuwa Uganda iliwadhibiti. Hata hivyo, kuwapa mafunzo na msaada wa kijeshi kulikuwa kuvunja sheria.

Kipimo hicho ndicho kinachowahusu wadukuzi. Mwanajeshi anayeshambulia kwa kompyuta huibebesha dola yake dhamana. Kundi linalosaidiwa tu huhitaji ushahidi kwamba lilidhibitiwa, na ushahidi huo ni mgumu kupatikana, maana nyayo za mdukuzi hupitia kompyuta za nchi nyingi.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama iliiamuru Uganda kuilipa Congo dola milioni 325 za Marekani. Miaka zaidi ya 22 ilikuwa imepita tangu kesi ifunguliwe, na hiyo ni vita ambayo askari wake walionekana kwa macho.