Kahawa ya Nduli

Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Mkulima wa Masaka au Bugisu, nchini Uganda, hakuiona faida hiyo, kwa kuwa bodi ya serikali ilimlipa bei duni, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Waliothubutu walivusha magunia usiku kwa magendo, na kisoko cha Chepkube, mpakani upande wa Kenya, kikapata jina. Kahawa iliyopita njia halali ilimletea Idi Amin, mtawala wa Uganda, karibu fedha zote za kigeni alizokuwa nazo. Pamba, chai na viwanda vilikuwa vimedorora baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972. Ilibaki kahawa, zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya nje, nayo ililipia whisky, redio na saa zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Stansted, Uingereza, kuwaliwaza askari.

Waganda waliokuwa uhamishoni walichelewa kuushika mshipa huo, na si ajabu. Wazo la kwanza la wengi lilikuwa bunduki. Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka mpaka kutoka Tanzania wakapigwa vibaya, na mkataba wa Mogadishu wa mwezi uliofuata ukailazimu Dar es Salaam kuwazuia. Wakageukia Afrika, lakini Afrika ilinyamaza. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkutano wake mkuu Kampala kwenyewe, Amin akawa mwenyekiti. Rais Nyerere wa Tanzania alisusa, lakini wengi walikwenda.

Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, aliuawa, na makanisa ya Ulaya na Marekani yakashtuka. Mwaka huohuo Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya, alitoroka na kuchapisha kitabu kilichoanika mauaji kutoka ndani ya serikali. Sasa wakimbizi walipozungumza, walipata wa kuwasikiliza.

Waliokuwa Marekani hawakuwa jeshi wala chama kimoja. Walikuwa wasomi na watu wa kazi za kawaida, mara nyingi hawaelewani wao kwa wao. Ila ombi lao lilikuwa jepesi kueleweka: Marekani inanunua karibu theluthi ya kahawa ya Uganda, basi iache. Don Pease, mbunge mpya kutoka Ohio aliyewahi kuhariri gazeti la mji mdogo wa Oberlin, alilichukua ombi hilo hadi Bungeni. Katika Seneti lilipata mtetezi, Lowell Weicker.

Upinzani ulitoka kwa serikali ya Jimmy Carter, rais aliyehubiri haki za binadamu kuliko mtangulizi yeyote. Wizara ya mambo ya nje ilidai kwamba biashara isichanganywe na siasa, na kwamba Amin angepata wanunuzi wengine. Hoja ya pili ilikuwa na uzito. Ya kwanza ilikuwa kisingizio. Kabla hata sheria haijapita, baadhi ya kampuni kubwa za kahawa ziliona aibu zikaacha kununua. Oktoba 10, 1978, Carter alitia saini sheria hiyo ya vikwazo.

Mwisho wa mwezi huohuo majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania. Wapo wanaosema vikwazo ndivyo vilivyomsukuma. Siamini hivyo. Jeshi lake lilikuwa linatafunana tangu mapema mwaka ule, hasa baada ya makamu wake, Mustafa Adrisi, kuumia katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake waliitilia shaka. Vikwazo vilimkuta akiwa tayari anayumba, vikampunguzia fedha na marafiki.

Aliyemng'oa ni jeshi la Tanzania, JWTZ, pamoja na Waganda waliopigana bega kwa bega nalo. Machi 1979 makundi ya wakimbizi yaliyokuwa yakizozana yalikutana Moshi, yakaunda umoja na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Kampala ilianguka Aprili 11, na mwezi uliofuata Marekani ikafungua tena soko lake.

Kuhusu demokrasia, hesabu ni chungu. Lule aliondolewa baada ya siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata alipinduliwa na tume ya kijeshi Mei 1980. Desemba mwaka huo Waganda walipiga kura ya kwanza ya kitaifa tangu 1962, matokeo yakakataliwa na walioshindwa, na miezi miwili baadaye vita vya msituni vikaanza.